Taa za Tablo na Misimbo ya Hitilafu

Ufunguo ukigeuzwa hadi hatua ya mwisho kabla ya injini kuwaka, taa za onyo za gari huwaka zote kwa pamoja. Hiyo si hitilafu: gari linazihesabu taa zake mbele ya dereva. Injini ikishanguruma huzimika moja moja, na ile ya mifuko ya hewa hukawia kama sekunde sita kwa sababu kompyuta yake hujipima kwanza. Madereva wa miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, huiita sehemu yenye taa hizi tablo, kutoka Kifaransa. Fundi aliyejifunzia kazi Kampala au Nairobi husema dashibodi. Jina lolote litakalotumika, ukaguzi wa kwanza ni wa zile sekunde chache kabla ya injini. Taa ambayo haikuwaka kabisa inatia shaka kuliko ile iliyogoma kuzimika.

Shaka hiyo ina msingi. Magari mengi ya Kivu Kaskazini yalitumika Japani kwa miaka, yakashushwa bandarini Mombasa, yakavuka Kenya na Uganda, yakaingia Kongo kupitia mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Usukani bado uko kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia, na dereva anayetaka kulipita lori humtegemea abiria wa kushoto amchungulie njia. Katika safari hiyo ndefu gari hubadilisha wenyewe mara kadhaa, na kila muuzaji ana sababu ya kuinyamazisha taa inayomshushia bei. Wapo wanaotoa balbu, wapo wanaobandika utepe mweusi nyuma ya kioo. Wajanja zaidi huunganisha waya wa taa ya injini na ule wa taa ya mafuta ya injini, ili ziwake na kuzimika pamoja na mnunuzi aondoke ameridhika. Mbinu hii ya mwisho haionekani kwa macho. Hufichuliwa na mashine ya kupimia, inaposema kwamba kompyuta imeamuru taa ya injini iwake huku tablo ikiwa kimya.

Rangi za taa zimekubaliwa kimataifa, na michoro yake mingi vilevile, kwa hiyo gari la Nagoya na la Stuttgart huzungumza karibu lugha moja. Kijani na buluu ni taarifa tu: taa za mbele zimewashwa, au injini bado ni baridi. Njano inataka gari liangaliwe karibuni. Nyekundu inataka gari lisimame. Zaidi ya hapo kila taa ina tabia yake, na taa nne nyekundu zinastahili kujulikana kwa undani kuliko nyingine zote.

Ya kwanza ni ile yenye mchoro wa birika linalodondosha tone. Wengi huamini kwamba inapima wingi wa mafuta ya injini, na imani hiyo imeua injini nyingi. Taa hii hupima msukumo. Swichi yake huwaka msukumo unaposhuka hadi kama bar 0.3, wakati injini nzima inayokimbia barabarani hufikia bar 3 au zaidi. Kwa maneno mengine, taa inapowaka mfululizo vyuma tayari vinasuguana bila utando wa mafuta katikati, na kinachobaki huhesabiwa kwa sekunde. Ikimemeta kwenye kona au kwenye mteremko na kuzimika gari likinyooka, mafuta yamepungua mno na pampu inavuta hewa. Ikimemeta injini ikiwa moto na ikiunguruma polepole, kisha ikazimika kanyagio likiguswa, mafuta ni mepesi kupita kiasi au beringi zimelika. Kijiti cha kupimia ndicho husema wingi, na huchomolewa asubuhi gari likiwa mahali tambarare, jambo ambalo katika mitaa ya Butembo yenye vilima huhitaji kutafutiwa nafasi.

Ya pili ni joto, na hapa jiografia inaingia moja kwa moja ndani ya rejeta. Butembo iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 94, si 100. Thermostati ya injini nyingi hufunguka kati ya digrii 82 na 88, na feni ya umeme huanza kuzunguka karibu na digrii 95. Gari linaweza kufanya kazi katika joto hilo kwa sababu moja tu: kifuniko cha rejeta hubana maji kwa msukumo wa karibu bar moja, na maji yaliyobanwa hivyo huchemka zaidi ya digrii 110. Mpira wa kifuniko ukichakaa, Mombasa gari bado lina digrii kadhaa za akiba. Butembo maji huanza kuchemka kabla feni haijaamka. Kifuniko ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ndicho cha kubadilishwa kabla ya kuilaumu gasketi ya silinda hedi.

Mshale wa joto nao una udanganyifu wake. Kitambuzi chake hupima maji yanayokigusa. Maji yakiisha kabisa hubaki kikining'inia hewani, na mshale hushuka kwenye baridi huku injini inaungua. Dereva anayeona mshale ukipanda hadi karibu na nyekundu kisha ukashuka ghafla kwenye mpando wa kutoka Beni asifurahi mapema. Magari madogo kama Toyota Vitz hayana mshale kabisa: kuna taa ya buluu ya ubaridi na nyekundu ya joto, na kati ya hizo mbili gari halisemi neno.

Ya tatu, yenye mchoro wa betri, haisemi kwamba betri ni mbovu. Inasema alteneta haichaji. Ikichaji vizuri, vipimo kwenye betri husoma kati ya volti 13.5 na 14.5 injini ikiwa inawaka. Betri nzuri huweza kulifikisha gari mbali bila chaji, hasa mchana taa zikiwa zimezimwa, na madereva wengi huichukulia taa hii kwa wepesi kwa sababu hiyo. Hatari iko penye mkanda. Katika injini nyingi za zamani mkanda uleule unaozungusha alteneta huzungusha pia pampu ya maji. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza, na joto hufuata baada ya dakika chache. Ndiyo maana taa ya betri inapowaka safarini, la kwanza ni kufungua boneti na kuutazama mkanda, betri itasubiri.

Ya nne ni ya breki. Huwaka breki ya mkono ikiwa imevutwa, na huwaka pia mafuta ya breki yakipungua kwenye chupa yake. Kila pedi zinapolika, mafuta hushuka kidogo kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo taa inayomemeta kila gari linapoinama mtelemkoni kwa kawaida inatangaza pedi zilizokwisha, au uvujaji, na kuongeza mafuta peke yake ni kuifunga mdomo. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na barabara hushuka zaidi ya mita 600. Hakuna taa yoyote inayoonya kwamba breki zimepata moto kupita kiasi au kwamba mafuta ya breki ya miaka mingi, yaliyokwisha kufyonza unyevu, yameanza kuchemka ndani ya mabomba. Dereva hulijua hilo kwa kanyagio linalozama.

Dawa ya mtelemko ni gia ndogo, na hapa kuna taa ya njano inayosingiziwa sana: O/D OFF. Katika magari ya gia za kujiendesha kutoka Japani, taa hii huwaka kwa sababu mtu amebonyeza kitufe pembeni mwa mpini wa gia na kuiondoa gia ya juu. Haina ubaya wowote. Kwenye mtelemko wa Beni ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa inamemeta yenyewe bila kuguswa, hapo katika Toyota nyingi ni gearboksi inayoomba kupimwa.

Kitabu cha gari, kilichoandikwa kwa ajili ya barabara za Japani au Ulaya, husema taa nyekundu ikiwaka gari lisimamishwe mara moja na msaada uitwe. Ushauri huo ni sahihi kwa injini. Lakini kwenye barabara ya taifa namba 4, kati ya Beni na Kasindi inapokatiza hifadhi ya Virunga na kuvuka Semuliki, au kaskazini kuelekea Komanda, magari yamevamiwa mara nyingi, na kuna vipande vilivyopata kupitwa kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi. Kusimama peke yako hapo kuna gharama ambayo kitabu hakuiwazia. Ujuzi wa taa hubadilika kuwa ujuzi wa muda. Gari lenye taa ya betri, mkanda ukiwa mzima, linaweza kufika kituo kinachofuata. Lenye joto linaloanza kupanda linaweza kupunguziwa mwendo, kuzimiwa kipozahewa na kufunguliwa hita hadi mwisho, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo ya pili. Lenye taa ya mafuta ya injini iliyowaka mfululizo halina muda wowote: litasimama kwa hiari ya dereva au kwa hiari yake lenyewe, na likisimama kwa hiari yake haliwaki tena. Ukaguzi wa kuondokea ndio wa maana, na unafanyika Butembo au Beni, si njiani.

Taa nyingine za njano zinapitika kwa haraka. Taa ya ABS ikiwaka, breki za kawaida bado zipo. Kilichopotea ni uwezo wa kuzuia magurudumu yasigande, na chanzo kikubwa katika barabara za matope ni kitambuzi cha gurudumu kilichofunikwa na uchafu au waya wake uliokatika. Magari ya mazutu, yaani dizeli, yana taa ya mviringo kama springi, ya kupasha vyumba vya mwako asubuhi: husubiriwa izimike kabla ya kuwasha. Yana pia taa ya maji ndani ya filta, ambayo mahali mazutu yanapouzwa kwa vidumu hupata kazi nyingi; hulegezwa kizibo cha chini ya filta, maji yakatolewa kwa kubonyeza pampu ya mkono. Taa iliyoandikwa T-BELT katika Toyota nyingi za dizeli za miaka ya 1990 huwaka kilomita zikitimia, mara nyingi kila 100,000, kukumbusha mkanda wa taimingi. Haijui kama mkanda umebadilishwa. Inajua kuhesabu kilomita tu. Nyaya za njano zilizo chini ya usukani na viti ni za mifuko ya hewa. Hazipimwi kwa balbu, na hazifunguliwi kabla betri haijatenguliwa kwa angalau sekunde 90.

Inabaki taa iliyozua biashara nzima ya skana, zile mashine za kupimia: taa ya injini, yenye mchoro wa injini ya rangi ya njano. Asili yake ni moshi. Mwaka 1988 mamlaka ya hewa ya jimbo la California ilianza kudai magari yajipime yenyewe mitambo ya kupunguza sumu ya moshi. Kuanzia modeli za 1996 Marekani nzima ikalazimisha mfumo mmoja, unaoitwa OBD-II, wenye soketi moja ya matundu 16 na orodha moja ya misimbo. Umoja wa Ulaya ulifuata, 2001 kwa magari ya petroli na 2004 kwa ya dizeli. Japani ilikuwa na mifumo yake, na tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua mafundi wa Butembo hadi leo. Toyota ya Japani ya mwaka 1998 inaweza kuwa na soketi ileile chini ya usukani na bado ikakataa kuongea na kifaa cha bei nafuu kinachounganishwa na simu. Kifaa si kibovu, na gari si bovu. Havijafundishwa lugha moja.

Msimbo wenyewe una herufi moja na tarakimu nne. P ni injini na gearboksi, C ni breki na magurudumu, B ni bodi pamoja na mifuko ya hewa, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo ni wa wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni wa kampuni husika na maana yake hutafutwa katika kitabu cha kampuni hiyo. Inayofuata hutaja eneo: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni mwako, 4 ni mitambo ya moshi, 7 ni gearboksi. P0301 basi ni silinda ya kwanza inayokosa kuwaka, P0302 ya pili, na P0300 ni kukosa kusikokuwa na silinda maalumu. P0335 ni kitambuzi cha kranki, ambacho kikifa injini hugoma kuwaka kabisa.

Kosa kubwa huanzia hapa. Mteja anaambiwa msimbo, anakwenda dukani, ananunua kitu kilichotajwa, na taa inarudi. Msimbo humtaja mlalamikaji, haumtaji mkosaji. P0171 unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Aliyelalamika ni kitambuzi cha oksijeni kwenye bomba la moshi, na ndicho hubadilishwa mara nyingi, ingawa kimefanya kazi yake sawasawa. Mkosaji anaweza kuwa bomba la mpira lililopasuka kati ya filta ya hewa na injini, au kitambuzi cha hewa kilichofunikwa na vumbi la kiangazi, au filta ya esansi, yaani petroli, iliyoziba, au pampu iliyochoka. Utaratibu mzuri huanza na visivyo na gharama. Mipira huchunguzwa kwa macho na kwa sikio. Kitambuzi cha hewa husafishwa kwa dawa yake bila kuguswa. Halafu ndipo filta na msukumo wa esansi. Na huulizwa gari lilijazwa wapi mara ya mwisho: esansi ya chupani kwa wauzaji wa barabarani wanaoitwa Kadhafi inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa na maji, na hakuna skana itakayoandika neno maji.

Namba za skana nazo husomwa kwa kujua mahali. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezima, kitambuzi cha msukumo wa hewa hupaswa kuonyesha hewa ya mahali hapo. Mombasa ni kilopaskali 101. Beni, karibu mita 1,100, ni kama 89. Butembo ni kama 82. Fundi anayefuata jedwali lililoandikwa kwa usawa wa bahari ataona 82 na kuagiza kitambuzi kipya cha gari zima lisilo na ugonjwa. Upungufu huohuo wa hewa, karibu sehemu moja kwa tano, ndio unaolifanya gari lisilo na tatizo kuwa zito Butembo kuliko lilivyokuwa pwani, na hakuna msimbo kwa hilo kwa kuwa si kosa.

P0420, unaolalamikia kichujio cha moshi, una historia yake. Zamani mafundi waliilaumu risasi iliyotiwa kwenye petroli, na walikuwa na haki: risasi huua kichujio na kitambuzi cha oksijeni. Lakini Afrika kusini ya Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Leo sababu za kawaida ni injini inayokula mafuta yake, mwako ulioachwa ukikosa kwa muda mrefu, au kichujio kilichokwisha kutolewa na kuuzwa kwa ajili ya madini yaliyomo. Gari lenye msimbo huu peke yake husafiri salama. Lenye taa ya injini inayomemeta badala ya kuwaka tu halipaswi kusukumwa, kwa sababu esansi isiyoungua inaingia kwenye kichujio na kukiyeyusha.

Kwa Toyota za zamani ambazo skana inashindwa nazo, kuna njia isiyo na mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye neno DIAGNOSTIC juu yake. Ndani ya kifuniko kumeandikwa majina ya matundu. Kipande cha waya huunganisha TE1 na E1, ufunguo huwashwa bila kuwasha injini, na taa ya injini huanza kumemeta. Ikimemeta kwa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Vinginevyo huhesabiwa makumi, kituo kifupi, kisha mamoja: mbili, kituo, mbili ni 22, kitambuzi cha joto la maji. 12 ni ishara ya mzunguko wa injini, 31 kitambuzi cha hewa, 41 mkao wa kilango cha hewa (throttle), 52 kitambuzi cha kugonga. Matundu yanayohusika husomwa vizuri kabla ya kuingiza waya, kwani lenye alama +B lina umeme wa betri na likiguswa na E1 fyuzi huungua, au zaidi ya fyuzi. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, hazina haja ya yote haya: pampu yake ya mazutu ni ya chuma kitupu, na ndiyo sababu mojawapo ya mashirika kuzipenda katika barabara za Lubero.

Misimbo hufutwa kwa skana, na katika Toyota hizo za zamani kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika au zaidi. Kabla ya kufuta, huandikwa kwanza kwenye karatasi pamoja na picha ya tukio ambayo kompyuta za OBD-II huhifadhi: mwendo, joto na mzigo wa injini wakati kosa lilipoonekana. Kilomita 35 kwa saa, mzigo mkubwa na joto la digrii 104 ni gari lililokuwa likipanda mlima, na fundi hujua anapaswa kulijaribu wapi. Misimbo ikifutwa, ushahidi huo wote hupotea.

Kosa la waya uliokatika hurudi papo hapo ufunguo unapowashwa. Makosa ya mchanganyiko na ya mwako kwa kawaida husubiri safari mbili: ya kwanza kompyuta huyaandika kimyakimya, ya pili huwasha taa. Gari lililofutiwa P0171 asubuhi Butembo bila kutengenezwa hufika Beni tablo ikiwa safi, na taa huwaka likiwa njiani kurudi.